Kumuaga Bwana Ollerenshaw, Mtu Aliyevikataa Vifungo

Mheshimiwa Meya, pamoja na huo mkufu wako wa dhahabu ambao najua unakukwaruza shingo; Mheshimiwa Diwani Prudence Askwith, Mwenyekiti wa Kamati ya Majengo, uliyekaa safu ya mbele leo bila kulazimishwa na mtu; Kasisi Wetherill, mwenye ukumbi; watumishi wa Ofisi ya Nyaraka za Kale ya Skelderby, wote wawili; wasomaji wangu mliokuja kwa mabasi matatu mkaimaliza keki ya limau kabla Meya hajafika; ndugu wageni waalikwa; na dada yangu Beryl, aliyeniomba nisimtaje: hamjambo nyote, na karibuni sana.

Nimepewa dakika kumi. Waliozigawa dakika hizo ni dhahiri hawajawahi kusoma kitabu changu hata kimoja, maana wangejua kwamba mimi nikipewa kurasa kumi, farasi wa kwanza huwa hajafungwa hata tandiko.

Kwa wageni, naitwa Doreen Haddlesey. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekaanga samaki na chipsi katika mtaa wa Kirkgate, na wengi wenu humu mmekua kwa mafuta yangu. Lakini kwenye jalada la kitabu naitwa Genevra Lyle, na huyo Genevra ameandika riwaya ishirini na tatu za mapenzi, zote kuhusu mabibi wa kikabaila wa Uingereza ya kale: wanawake wa kwenye ngome za mawe, wenye shingo ndefu na uvumilivu mfupi, wanaopendwa na mashujaa wa upanga na kusumbuliwa na wajomba wenye tamaa ya mashamba. Mabwana mnaotabasamu kama vile hamjawahi kuviona vitabu hivyo, nendeni nyumbani mkatazame chini ya mto wa mke. Na wewe Kasisi, usicheke. Mimi nakumbuka nani aliniagiza kile cha kumi na nne.

Lakini leo si siku yangu. Leo tunamuaga Bwana Cuthbert Ollerenshaw, mtunza nyaraka wetu, ambaye baada ya miaka thelathini na minane anakabidhi funguo za ile ofisi iliyo chini ya ghala la zamani la sufu. Kwa wasiomjua, ni yule mrefu pale mbele, anayevitazama viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu.

Nilimjuaje mtu huyu? Ndugu zangu, nilimjua kwa barua, na barua yenyewe haikuwa ya mapenzi.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa kimetoka, nami nilikuwa natembea mjini kichwa juu, namsalimia hata asiyenijua. Asubuhi moja nikapata bahasha yenye kurasa sita, zimepigwa taipu, mistari imebanana kama abiria wa treni ya Jumatatu. Ilianza hivi: “Bibi Mpendwa, nimesoma kitabu chako. Nimeorodhesha makosa sitini na moja. Naanza na viazi.”

Ukurasa wa pili wa kitabu kile, Bibi Avelina, binti wa ngome ya Thornmere, anakaa mezani mwaka 1194 anakula nyama ya batamzinga na viazi vya kuoka, huku saa ya ukutani ikigonga mara sita. Barua ikanieleza kwa adabu kubwa kwamba kiazi hakikutia mguu nchi hii mpaka karibu miaka mia nne baadaye. Kwamba batamzinga naye alikuja karne hiyohiyo, akitoka ng’ambo hiyohiyo. Na kwamba saa ile haikuwa imeundwa popote. “Kwa hiyo,” akaandika, “kwenye meza hiyo kilichobaki ni kisu na huyo bibi.”

Sasa niulizeni: mwanamke ambaye viazi ndivyo vilivyomjengea nyumba, vikamsomeshea watoto, vikamlipia hata meno ya mumewe, anaambiwaje kwamba kulikuwa na Uingereza bila viazi? Hasira zilinipanda hadi miwani ikaingia ukungu. Nikachukua karatasi ileile ya kufungia chipsi, nikamjibu kwa mstari mmoja: “Kama wewe ni mwanamume, njoo dukani uniambie usoni.”

Akaja. Jumatano, saa saba mchana, duka limejaa. Mtu mwingine angepita mbele akaanza kupayuka. Huyu alisimama kwenye foleni dakika ishirini, koti limefungwa mpaka kidevuni, mwavuli mkononi, akisogea hatua moja moja kama watu wote, mpaka akafika kaunta.

“Habari za mchana, Bi. Haddlesey,” akasema. “Nimekuja kwa ajili ya viazi.”

“Vingi au vya mtu mmoja?” nikamuuliza, maana sikumjua.

“Vya mwaka 1194.”

Foleni ikasogea karibu. Mume wangu Len, Mungu amrehemu, akaweka chini kijiko cha mafuta ili asikie vizuri.

Nikamwambia, “Kumbe ni wewe! Haya, viazi nimeviona, batamzinga nimemwona. Sasa niambie, vifungo vya shati vimekukosea nini?” Kwa maana kosa la arobaini na nne lilikuwa ukurasa ule ambao wasomaji wangu mnaujua kwa moyo, pale Bwana Hugh anaposimama mbele ya moto na kufungua vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, taratibu, huku Bibi Avelina akihesabu.

“Hapakuwa na vifungo vya namna hiyo,” akasema. “Shati lilikuwa na tundu la kichwa na bizimu moja shingoni.”

“Sasa alivuaje?”

“Alilivutia juu kichwani.”

“Kama mtoto anayekwenda kuoga?”

“Kama kila mtu, Bi. Haddlesey.”

“Na mahaba yako wapi hapo, mtu wa Mungu? Kichwa kimenasa, mikono iko hewani!”

Mama mmoja kwenye foleni akadakia, “Mwache alivue anavyotaka, mradi alivue!” Foleni ikaangua kicheko, na Bwana Ollerenshaw akawa mwekundu kuanzia kola kwenda juu. Nikaona nimeshinda. Nikamuuliza, kwa ile sauti ya mshindi, “Baba wewe, kama kitabu changu hukipendi, unakisoma cha nini?”

Akautazama mwavuli wake. “Sikusema sikipendi,” akajibu. “Nilisema kina makosa sitini na moja. Nimekisoma mara tatu.” Kisha akaagiza samaki mmoja na njegere za kupondwa, akaongeza siki, akaaga.

Jumatano iliyofuata nilikuwa nimeweka mswada wa kitabu cha pili chini ya kaunta. Nikampa pamoja na samaki wake. Aliurudisha baada ya wiki, kila ukurasa una alama za penseli, ndogo, nadhifu, kama nyayo za kunguru kwenye theluji. Na hivyo ndivyo tulivyoendelea, yeye na penseli, mimi na matusi. Alimvua Bwana Hugh buti zake za visigino virefu. Alimzuia farasi wangu asitoke London asubuhi na kufika York kabla ya chakula cha jioni; pembeni aliandika: “Mnyama huyu angekufa Lincoln, na ningemlilia.” Lakini, ndugu zangu, hakuna hata mara moja aliyofuta busu. Busu akiliona aliliruka kimya, kama mtu anayepita mlango wa chumba ambamo watu wamelala.

Sasa niseme jambo ambalo si la kuchekesha sana, halafu turudi kwenye keki.

Mwaka wa sita Len alifariki. Alianguka nyuma ya kaunta akiwa na kijiko mkononi, na alizikwa Ijumaa, siku ambayo maisha yake yote hakuwahi kufunga duka. Nikabaki na duka, na ngazi za kwenda juu, na kitanda ambacho upande mmoja ulikuwa umebonyea. Na kabla hata maua ya kaburini hayajanyauka, mji huu wenye huruma ukaanza kunitafutia mume.

Mnakumbuka, msijifanye hamkumbuki. Beryl, samahani, nakutaja: ni wewe uliyekuwa unakuja kila Jumapili na orodha. “Doreen, mwanamke peke yake duka litamshinda. Doreen, fikiria uzee. Doreen, Roy Tansley wa duka la vigae ana gari jipya na figo zake zote mbili.” Na Roy alikuwa mtu mwema. Roy, nakuona pale nyuma. Nasema kweli, ulikuwa mwema. Ulinitengenezea bomba, ukanipeleka pwani ya Whitby, ukanipa pete ndani ya kiboksi cha samawati. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka humwona yeyote mwenye kiti kuwa ni pumziko. Nikakitia kile kiboksi kwenye mkoba, nikawa natembea nacho wiki tatu kama mtu aliyemeza jiwe.

Wakati huohuo mhariri wangu wa London alikuwa ananipigia simu. Kitabu cha saba kilikuwa kinamhusu bibi mjane, tajiri, ambaye mfalme anataka kumwoza kwa rafiki yake. “Mpenzi,” mhariri ananiambia, “mwozeshe sura ya thelathini. Wasomaji wanataka harusi. Hakuna harusi, hakuna kitabu.” Nami nilikuwa nimekaa mezani, mjane ninamwoza mjane, wala sijui nani anamshauri nani.

Jumatano moja Bwana Ollerenshaw akafika kaunta, akasema kwa sauti yake hiyo inayobeba mbali bila yeye kujua, “Bi. Haddlesey, ukifunga duka mchana, njoo kule chini ofisini kwangu. Kuna mwanamke nataka umwone.”

Kufikia saa kumi mji mzima ulikuwa umeshajua kwamba Cuthbert Ollerenshaw amemficha mwanamke kule chini ya ghala.

Nikaenda, bado nanuka mafuta. Akanifanya ninawe mikono mara mbili. Kisha akaleta kipande cha ngozi ya kondoo, hakizidi ukubwa wa menyu yangu ya dukani, maandishi yamejaa ukingo hadi ukingo, na chini yake imening’inia lakiri ya nta ya kijani yenye umbo la jani. Juu ya nta hiyo amesimama mwanamke mdogo kama kidole, gauni refu, ndege wa kuwindia mkononi.

“Anaitwa Bibi Hawise,” akaniambia. “Hii ngome yetu iliyobaki ukuta mmoja ilikuwa yake. Mumewe alifariki, na mfalme akataka kumwoza. Hapa anauza kinu chake cha kusaga na konde lake bora kwa watawa.”

“Auze kinu? Kwa nini?”

Akaweka penseli chini ya mstari mmoja bila kuugusa, akausoma Kilatini, halafu akaufasiri taratibu: “‘Kwa ajili ya fedha niliyomwahidi bwana wangu mfalme, ili nisishurutishwe kuolewa.’”

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena.

Ndugu wageni, nilikuwa nimeandika vitabu sita juu ya wanawake hawa. Niliwapa mabusu, niliwapa farasi, niliwapa viazi. Sikujua kama kuna hata mmoja aliyetoa kinu chake ili aachwe atulie.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akaishika ile lakiri kwa ncha za vidole, akaigeuza. Na nyuma yake, kwenye nta, palikuwa na alama ya kidole gumba. Mistari yote inaonekana, na kovu dogo limekatiza katikati. Mtu aliikandamiza nta ikiwa moto bado, miaka mia nane iliyopita, na kidole chake kikabaki pale.

“Ni chake,” nikasema.

“Huenda ni cha karani,” akasema Bwana Ollerenshaw, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa.

“Huenda ni chake.”

Nilikuwa nalia, nadhani. Alinitazama, akaitazama nta, na mtu huyu ambaye hajawahi kunikubalia hata kwato ya farasi bila ushahidi wa maandishi, akasema kwa sauti ndogo, “Huenda.”

Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja duka la vigae, nikamrudishia Roy kiboksi chake. Aliniuliza, “Kuna mtu mwingine?” Nikamjibu, “Yupo. Anaitwa Doreen.” Roy aliumia, na mimi niliumia kumwona. Lakini Mungu ana mipango yake na Beryl naye ana ya kwake, na mwaka uliofuata Roy akawa shemeji yangu. Bomba langu bado analitengeneza, na yule mwenye orodha sasa ana kazi ya kumsimamia.

Kitabu nikakiandika upya. Bibi yangu hakuolewa. Mhariri akalia kwenye simu, akanitisha, akanibembeleza, akaniuliza kama angalau shujaa anaweza kumchumbia kwenye ukurasa wa mwisho mlango ukiwa nusu wazi. Nikakataa. Wakakichapa kwa shingo upande, nakala chache, jalada la rangi ya uji. Miezi minne hakikutikisika. Halafu barua zikaanza. Mwuguzi wa Hull. Dereva wa lori wa Leeds, Bi. Norma, pale, simama wakuone mama. Bibi wa miaka themanini na mmoja aliyeandika maneno matatu tu: “Ningejua hili mapema.” Na kwa kuwa mwishoni mwa kitabu niliandika kwamba hati ya Bibi Hawise iko Skelderby, wanawake wakaanza kuja kuitazama, wawili wawili, kisha basi zima, wakinawa mikono mara mbili na kushuka ngazi kimya kana kwamba wanakwenda kumwona mgonjwa.

Nakuja kwako sasa, Mheshimiwa Diwani Askwith. Kunywa maji kwanza.

Mnakumbuka mwaka ule baraza lilipokaa kuamua kuifunga Ofisi ya Nyaraka, ghala liwe ukumbi wa mazoezi, na masanduku yapelekwe kwenye bohari la mji mwingine, maili themanini. Na Mheshimiwa, kwa ufasaha ambao sote tunauhusudu, alisema nyaraka zile hazisomwi na yeyote ila mzee mmoja na panya. Bwana Ollerenshaw hakukasirika. Aliniambia Jumatano ile, “Panya hakuna. Nimehakikisha.” Lakini samaki wake aliacha nusu.

Nikaandika barua hamsini. Siku ya kikao walikuja wanawake mia na arobaini. Walijaza viti, ngazi, na ule ukumbi wa nje wenye picha za mameya. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wamevaa kama mabibi wa ngome, magauni ya kuburuta na zile kofia ndefu zenye ncha na shela. Ilikuwa fahari kuona. Na Bwana Ollerenshaw anaingia, anawaona watu hawa waliosafiri tangu alfajiri kumtetea, machozi yanamlengalenga, anafungua kinywa, na neno lake la kwanza ni hili: “Kofia hizo ni za miaka mia mbili na hamsini baadaye. Na ni za Ufaransa.”

“Baba, tuko upande wako!” akapiga kelele Norma.

“Najua,” akasema. “Asanteni. Lakini ni za Ufaransa.”

Akapewa dakika tatu. Mnajua jinsi anavyoogopa kusema mbele za watu. Angalieni sasa hivi, hata kusemwa anaogopa. Hakutetea kitu. Alitoa karatasi, akaisoma hati ya Bibi Hawise kwa lugha yetu ya kila siku: kinu, konde, fedha, mfalme, na ule mstari. Akakunja karatasi, akataka kukaa.

Na hapo, Mheshimiwa, wewe ndiwe uliyeinuka. Nakusifu mbele ya watu wote, maana ni wachache wanaoweza kuuliza swali ambalo jibu lake litawashinda. Ulisema, “Samahani. Na mfalme alikubali?”

“Sijui, Mheshimiwa,” akajibu.

“Hujui vipi?”

“Jibu, kama lipo, limo kwenye masanduku ambayo bado hayajafunguliwa. Yako mia nne na kumi na mawili. Niko peke yangu. Nafungua kama ishirini kwa mwaka.”

Ukumbi mzima, wenye kofia na wasio na kofia, ukakugeukia. Mimi nimeandika riwaya ishirini na tatu, na naapa sijawahi kumning’iniza msomaji vile ulivyoning’inizwa wewe. Kura zikapigwa, saba kwa sita. Ya saba ilikuwa ya nani? Amekaa pale mbele, amenunua tikiti yake mwenyewe, na namwomba asimame tumpigie makofi.

Asante, Mheshimiwa. Kaa.

Mnataka kujua kama mfalme alikubali? Najua mnataka, hata Roy ameacha kula. Ilimchukua Bwana Ollerenshaw miaka mitatu zaidi kupata jibu. Alikuja dukani Alhamisi, na hiyo peke yake ilitosha kunishtua, kwani mtu huyu na Alhamisi hawajuani. Hakupanga foleni. Alipita watu wote, akaegemea kaunta, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuniita Bi. Haddlesey.

“Doreen,” akasema. “Nimempata.”

Ilikuwa hati nyingine, ya miaka ishirini na miwili baada ya ile ya kwanza. Bibi Hawise, sasa mzee, anampa mjakazi wake nyumba na bustani ya matofaa, kwa hiari yake, “katika ujane wangu halali.” Miaka ishirini na miwili! Mfalme alichukua fedha akamwacha. Aliishi nyumbani kwake, akagawa vyake mwenyewe kwa aliyempenda. Nilipiga kelele mpaka mtu wa pembeni akaangusha chupa ya siki, na siku hiyo kila aliyekuwemo dukani alikula bure, wakiwemo wawili ambao hawakujua tunashangilia nini.

Basi, miaka yote hii, watu wa Skelderby mmesema. Mmesema mimi na Cuthbert tunapendana kwa siri, mmesema tumegombana, mmesema tulioana Scotland tukarudi na basi la saa kumi na moja. Niwaambie ukweli wa ujane wangu halali: ninaupenda. Napenda ngazi zangu, napenda redio yangu, napenda kulala katikati ya kitanda. Sitafuti mume, na yeye katika umri wa miaka sitini na sita hajaonyesha kama anajua mke hununuliwa wapi. Lakini yupo mtu mmoja tu duniani ambaye kila ukurasa nilioandika ameusoma kana kwamba una maana. Katika ndoa ngapi humu ndani kuna kitu kama hicho? Msijibu kwa sauti, mtaharibu sherehe.

Wiki iliyopita nilimuuliza atafanya nini Jumatatu, akishakabidhi funguo. Akafikiri. Akasema, “Nitapanga vitabu vyangu.” Nikamuuliza, “Na Jumanne?” Akaanza kukunja mwavuli wake. Anakaa vyumba viwili juu ya duka la dawa, vitabu vyenyewe vimeshapangwa tangu zamani, kwa alfabeti na kwa karne.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda basi nikaenda duka la samani. Tangu Len aondoke, pale dirishani kwangu pamekuwa na kiti kimoja cha mikono, na sikuwahi kuona upungufu. Muuzaji akaniuliza, “Unatafuta cha nani, mama?” Nikamwambia, “Cha mtu mrefu, mgongo unamsumbua, na hapendi makuu.” Akanionyesha cha kahawia, imara, cha kukalia mchana kutwa. Kimeletwa jana. Kipo dirishani, upande wa pili wa meza, mwanga unaingilia bega la kushoto kama msomaji anavyotaka.

Cuthbert, nakwambia mbele ya Meya, mbele ya Kasisi, mbele ya mabasi matatu, kwa kuwa tukiwa wawili utaniambia hapana kabla sijamaliza sentensi. Sikuombi ndoa, wala sikuombi lolote la kuandikwa kwenye ngozi ya kondoo. Nina mswada wa kitabu cha ishirini na nne na nina kiti. Njoo Jumatatu. Na Jumanne. Ukichoka kuniona, mlango uko palepale. Jibu si lazima leo.

Unasemaje?

Nyamazeni, jamani, nyamazeni, hasikiki. Norma, kaa chini.

Sema tena, Cuthbert.

Mmesikia? Ameuliza, “Saa ngapi?”

Saa tatu, mpenzi wangu. Njoo saa tatu asubuhi, chai itakuwa mezani.

Mheshimiwa Meya, ndugu wageni, dakika zangu kumi zilikwisha zamani na mmenivumilia kwa hisani. Nawashukuru kwa masikio yenu, kwa makofi yenu, na kwa kuja. Sasa naomba mnipishe kidogo, miwani imeingia maji, na nataka kwenda kukaa karibu naye.